Mzee wa Sava na Herufi Mbili

Ukimpelekea tatizo, swali lake lilikuwa moja tu: "Imesema nini?" Hakuuliza kompyuta imefanya nini, wala wewe umeifanya nini. Alitaka maneno yaliyotokea kwenye kioo. Imesema nini. Na sisi wa ofisi ya usajili, miaka yote ile, jibu letu nalo lilikuwa moja: "Sijui Mzee, nimeifunga."

Hapo angevua miwani, aipanguse kwa ncha ya sweta, akutazame kwa huruma kama mgonjwa aliyetupa vidonge. "Yaani imekusemesha, wewe ukaifungia mlango. Mgeni akija kwenu Tukuyu ndivyo mnavyompokea?" Mimi ni Mnyakyusa, na mdomo ninao. Siku ya kwanza kabisa nilimjibu kwamba kwetu mgeni anayebisha hodi kwa Kiingereza saa mbili asubuhi, kabla hata ya chai, hatumfungulii. Alicheka mpaka akashika meza. Tangu siku hiyo tukawa watani, ingawa kwa umri angeweza kunizaa.

Chuo chetu kiko hapa Mbeya, na hakuna haja ya kukitaja. Yeye alikuwa mtunzaji wa ile mashine kubwa iliyobeba kumbukumbu za chuo kizima, ambayo wenye kazi zao huiita sava. Ilikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya maktaba. Jina lake la ubatizo lilikuwa kwenye kadi aliyovaa shingoni, ila sikumbuki kumsikia mtu akilitumia. Alikuwa Mzee wa Sava. Hata matangazo ya ukutani yaliandikwa hivyo: mtandao umekatika, muone Mzee wa Sava.

Chumba kile kilikuwa na kiyoyozi, na kiyoyozi kile kilikufa kabla sijaajiriwa. Hakuomba kingine. Alifungua dirisha, akaweka wavu wa mbu, akaacha baridi ya Mbeya ifanye kazi. "Watu wa pwani wananunua hii," alikuwa anasema mwezi wa saba, amejifunika kabuti mpaka masikioni. Juu ya mashine yenyewe alitandika kitambaa cheupe chenye maua alichodarizi mke wake, kile kile ambacho kwingine kingefunika redio. Wageni kutoka wizarani walikitazama sana kitambaa kile. Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Nilipoanza kazi, kompyuta yangu ilikuwa na ile programu ambayo kila ofisi ilikuwa nayo, iliyonakiliwa kwa flashi bila leseni, na virusi vyake ndani. Wiki ya pili mafaili yote yalitoweka, yakabaki majina matupu ambayo ukiyabonyeza hayafunguki. Nililia, sifichi. Nilikuwa nimekaa nyumbani miaka mitatu na cheti changu ndani ya bahasha, na huo ulikuwa mkataba wangu wa kwanza, wa mwaka mmoja. Mzee akaja na flashi yake, akaniuliza imesema nini, nikamwambia haikusema kitu, na kwa mara ya kwanza akakubali kwamba jibu langu ni sahihi. Mchana ule akaniwekea Linux, programu nyingine ya kuendeshea kompyuta.

Ilipowaka, ikatokea picha ya ndege mweusi mwenye kifua cheupe amekaa kitako. Nikauliza, "Mzee, huyu bata ni wa nini?" Hakunisahihisha kwamba ni pengwini. Ofisi nzima ikaanza kusema hivyo: kompyuta ya bata, ofisi ya bata, mimi natumia bata. Mhasibu mmoja mkaidi alikataa kabisa kuwekewa, mpaka virusi vilipompitia naye, akaja mwenyewe mlangoni akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, naomba bata."

Nilidhani sababu yake ni ubahili. Nikamwambia, umefanya vizuri, kitu cha bure ni kitu cha bure. Weee! Nilisomewa. "Bure ni mvua ya kwenu Tukuyu," alisema. "Hii siyo bure, hii ni huria. Siyo neno moja." Kisha akanieleza kwa njia yake. Alikuwa anaimba besi katika kwaya ya Kilutheri, na ndiye aliyewafundisha wenzake. Akasema kwaya ikipewa wimbo kwenye kanda, itauiga tu, na mama mzee asiyefika juu atanyamaza. Ikipewa nota zake, mwalimu anaweza kushusha sauti, mama yule naye akaimba. Programu huria imekuja na nota. Unaona ilivyotungwa, unaishusha kwa ajili ya watu wako, na ukiirekebisha vizuri unamrudishia mtunzi naye afaidi.

Na kweli aliishusha. Mfumo wetu wa usajili ulikuwa huria, umetungwa na watu wa nchi za mbali, wote kwa Kiingereza. Aliutafsiri mwenyewe, neno kwa neno, miezi na miezi. Pale ambapo mfumo ulikuwa unauliza kama una uhakika unataka kufuta, yeye aliandika: "Umeshauriana na mwenzako?" Tulicheka sana. Lakini nakwambia, mara ngapi nimekuwa na kidole hewani, nikasoma swali lile, nikageuka kumwita mwenzangu, na mwenzangu akasema usifute!

Kwenye ukurasa wa kuingilia aliweka salamu ya kwao, "Kamwene." Nikamfuata kwenye chumba chake. Kwani Wahehe ndio wamejenga chuo? Kesho yake nikafungua nikakuta "Mugonile," salamu ya Kinyakyusa, tena ile ya heshima. Nilifurahi siku mbili nzima. Kisha mlinzi wa getini, Msafwa, akasema, sawa, nyinyi wageni mmesalimiana, na sisi wenye mji je? Mzee akaenda kukaa naye getini na kalamu, na wiki iliyofuata salamu zikawa zinabadilika kila siku. Hakuna kikao kilichoitishwa. Hakuna aliyeandikiwa barua kuombwa ruhusa. Hapo ndipo nilipoelewa ile habari ya nota.

Sasa usidhani namsimulia malaika. Mtu huyu aliyehubiri uwazi asubuhi na jioni hakuruhusu kiumbe kugusa kabati lake la nyaya. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwa kamba kwenye mkanda wake, na ukimkumbusha neno lake mwenyewe, huria, alikuwa anajibu, "Huria ni programu, siyo kabati." Angekupa kitu chochote anachokijua, saa yoyote, ila chakula chake hakugawa. Kande yake alikula akiwa ameipa ofisi mgongo. Kalamu aliazima, hakurudisha. Miavuli yangu miwili iliishia Iyunga alikokuwa amepanga, na mmoja nilimwona nao mke wake.

Alikuwa mzee wa kanisa, na masika yakikolea, mianzi ikianza kutoa ulanzi, pombe ya kugema, huko kwao Mufindi, alikuwa anaomba likizo. Kila mwaka, mwezi ule ule. Kwenye fomu, sehemu ya sababu, aliandika "familia." Nikamwuliza, Mzee, familia gani inayogemwa? Akasema, "Binti, kuna mambo ya Wahehe."

Mwenyewe alikuwa mkali mno kuhusu sababu. Kila badiliko kwenye mfumo lilibaki na jina la aliyelifanya, siku, na sababu, na mtu yeyote wa chuo aliweza kufungua akasoma. Ukiandika sababu yako ni "marekebisho," alikurudishia. Marekebisho siyo sababu, alisema, sema ulikosea wapi. Wengi walimchukia kwa hilo. Watu hawapendi kuandika walikokosea, hasa mahali ambapo dereva anaweza kusoma.

Mimi alinifundisha ile sehemu nyeusi, ambayo hakuna picha wala vitufe, unaandika amri kwa maneno na mashine inajibu kwa maneno. Niliogopa kama naingia maabara ya sumu. Alikaa pembeni yangu kila Alhamisi mchana, mikono ameificha chini ya mapaja ili asishawishike kunisaidia. "Isome tena," alikuwa anasema. "Imekujibu." Sikuwa mwanafunzi wa chuo, nilikuwa karani wa mkataba, na hakuna kanuni iliyomtaka anifundishe chochote. Leo naiongoza ofisi ile ya usajili, na wanangu wanasoma, na nyumba yangu ya Soweto hapa Mbeya ina bati jipya. Nikitafuta ilikoanzia, naiona mikono ile chini ya mapaja. Mungu ambariki, nasema wazi wazi.

Kwa hiyo lazima niseme na la majina.

Mzee alikuwa na tatizo la R na L. Siyo yeye peke yake, nyanda hizi zote tunalo. Lugha zetu nyingi za nyumbani hazina R, kwa hiyo Kiswahili tunakipokea kikiwa na herufi moja ya ziada na hatujui tuiweke wapi. Mimi nilichapwa shuleni mpaka ikakaa. Yeye nadhani alichapwa pia, ila haikukaa. Akizungumza bila kujali alisema kalatasi, balua, bule, ingawa hapa maneno yake nimeyanyoosha. Akijali sana, mambo yaligeuka, akakwambia karamu ya bluu imekwisha wino. Na ubaya wake ni kwamba sikio lake halikusikia tofauti. Ukimsahihisha anakwambia, ndivyo nilivyosema.

Mwaka ule wa virusi, orodha ya wanafunzi wapya ilipotea, ikabidi tuiingize upya kutoka kwenye fomu za karatasi. Mzee akajitolea kusaidia. Mmoja asome, mwingine aandike, alisema, ndiyo kazi inakwenda. Akasoma yeye, nikaandika mimi, siku tatu mfululizo. Alisoma polepole, kwa uangalifu, kama yuko madhabahuni. Naye alinisomea Lehema, nikaandika Rehema. Akasema Lashidi, nikaandika Rashidi. Nilikuwa namtafsiri kimoyomoyo, na nilijisikia hodari sana.

Kisha ikaja fomu ya binti mmoja wa Kisukuma, kutoka zile familia zilizohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini zikaja kukaa Usangu. Mzee akasoma, wazi kabisa: "Limi Luhende." Mimi majina ya Kisukuma sikuyajua. Nikajiambia, Mhehe huyu naye, hapo alitaka kusema R. Nikatabasamu. Nikaandika Rimi Ruhende. Fomu sikuiangalia. Yalifuata majina mengine ya aina hiyo, nikayafanyia hivyo hivyo.

Muhula ule namba za usajili zilichelewa, na walimu waliingiza alama kwa kutafuta jina. Mwalimu aliyechagua kutoka kwenye orodha yangu alimpa alama Rimi. Mwalimu aliyetafuta Luhende kutoka kwenye karatasi ya mtihani hakumpata, akamsajili upya, akampa alama Limi. Mwisho wa mwaka mfumo ukawa na mabinti wawili, kila mmoja amefanya nusu ya mitihani, na wote wawili wamedisko, kama wanafunzi wanavyosema, yaani wamefukuzwa masomo kwa kufeli.

Alikuja ofisini kwangu ameshika ile orodha aliyoibandua ukutani. Hakulia, hakufoka. Aliuliza tu, "Dada, mimi ni Limi. Huyu Rimi ni nani?"

Nilichukua fomu yake kabatini nikaona L mbili, kubwa, zimeandikwa kwa wino mweusi. Kumrudishia alama zake ilikuwa kazi ya dakika kumi, na tuliifanya siku ile ile, Mzee akiwa amesimama nyuma yangu. Limi alimaliza chuo na sasa anafundisha hesabu huko huko Usangu. Lakini shauri halikuishia pale. Baba yake alikuja na wazee watatu, wakaingia kwa mkuu, wakauliza chuo hiki kinafukuza watoto wa watu kwa sababu ya herufi? Kesho yake nikapewa barua ya kujieleza. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza mwezi mmoja. Kila mtu alijua barua ile maana yake nini, na mimi nilijua zaidi. Ningerudi Tukuyu na bahasha yangu.

Kwenye kikao Msajili, mama mrefu asiyepandisha sauti, alishika fomu mkono mmoja na orodha mkono mwingine. Akauliza nani aliingiza majina haya. Nilifungua kinywa. Sijui ningesema nini, naapa, mpaka leo sijui. Kabla halijatoka neno, Mzee akasimama.

"Aliyeingiza ni huyu binti," alisema. "Lakini aliyemsomea ni mimi. Yeye aliandika alichosikia. Na ulimi wangu wote mnaujua."

Mtu mmoja akacheka. Wakacheka wote. Mtu wa uhasibu akaiga, "Leta balua na karamu," ukumbi ukalipuka. Hata Msajili alifunika mdomo kwa ile fomu. Ndani ya kicheko kile shauri langu likayeyuka, nikaliona likiyeyuka, nikapumua. Na mimi nilicheka. Mzee alikuwa amesimama katikati yetu na sweta lake, anatabasamu kidogo, anasubiri tumalize.

Alipewa onyo la maandishi, yeye. Mimi mkataba ukaongezwa. Nilimfuata kwenye korido nikamwambia asante Mzee, akanipungia mkono: "Kazi ipo. Twende tukawatafute wengine." Tukawapata, karibu wote wa kutoka Usangu. Kwenye ile kumbukumbu ya mabadiliko, sehemu ya sababu, aliandika kwa herufi ambazo chuo kizima kingeweza kusoma: "Msomaji hajui kutenganisha R na L." Akaweka jina lake.

Halafu akafanya jambo ambalo fundi wa programu ya kununua asingeweza kulifanya hata angetaka. Aliufungua mfumo, akaingia ndani, akazifanya herufi zile mbili ndugu. Ukitafuta jina kwa L unaletewa na la R. Na ukitaka kusajili mtu ambaye jina lake limekaribiana na la mwingine, mfumo unasimama unakuuliza: "Huyu siye yule?" Badiliko lile aliwapelekea watungaji wenyewe. Waliuliza kwa adabu, kwa nini mtu achanganye R na L? Tukawajibu barua ndefu, yeye akisema kwa Kiswahili, mimi nikigeuza kwa Kiingereza. Baada ya siku chache akaandika mtu wa nchi ya mashariki ya mbali, akasema, ndugu zangu, na kwetu pia. Likapokelewa. Huko kwenye orodha ya waliochangia, Mzee aliweka majina mawili, lake na langu. Nikamwambia mimi sikufanya kitu. Akasema, "Uliandika ulichosikia. Hiyo nayo ni kazi."

Niliona ananikonyeza kwa maneno. Niliamini, miaka yote, kwamba alijua. Kwamba aliona nilivyoandika R, akajitwika kosa langu mbele za watu kwa sababu yeye alikuwa anakaribia kustaafu na mimi nilikuwa naanza, na kwamba tulikuwa na siri yetu ambayo haihitaji kusemwa. Nilimpenda kwa hilo. Alipostaafu akarudi kwao Igowole, huko Mufindi, nilichangia zawadi kuliko wote, nikadhani nimemaliza.

Mwezi wa sita uliopita nilipandishwa kuwa mkuu wa ofisi. Nikasema sasa niende nimshukuru kwa mdomo wangu. Nikanunua mchele wa Kyela na mkungu wa ndizi, nikapanda basi mpaka Mafinga, na kutoka pale nikashika gari la Igowole. Jumamosi mchana nikawa kwao, baridi inauma, ukungu haujaondoka kwenye miti. Nilipopiga hodi alitoka na kabuti lile lile. Amekonda, ila macho ni yale. "Shikamoo Mzee." "Marahaba, binti wa Tukuyu. Mwavuli nimekutunzia." Tukacheka.

Tulikaa jikoni kwenye moto, mke wake akimenya viazi. Tukasema habari za chuo, za kiyoyozi kipya, za kitambaa ambacho nimekataza mtu asikitoe. Ndipo nikasema lililonileta.

"Mzee, nimekuja kukushukuru kwa ule uongo."

"Uongo gani?"

"Wa kwenye kikao. Wa yale majina."

Akaweka kikombe chini. "Binti, mimi ni mzee wa kanisa. Nimedanganya lini?"

Nikacheka, nikidhani ni utani wetu. Yeye hakucheka. Mke wake ndiye aliyeongea, bila kuinua macho kwenye viazi.

"Hilo la majina lilimuumiza sana huyu. Hapa kanisani wanamwandika kusoma neno kila zamu, hasomi. Anamwachia mwalimu mmoja. Anasema ulimi wake nusura umpotezee mtoto wa watu masomo, hautasoma tena mbele ya watu."

Hakuwa amenikinga. Hakuwa amejua lolote. Aliona L kwenye fomu na R kwenye mashine, na katikati ya hizo mbili kulikuwa na mdomo ambao watu wameucheka tangu yuko darasa la kwanza. Hakutafuta zaidi. Alisimama akasema kosa lake, kama alivyotutaka sote tuseme, na halikuwa lake. Na mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwake, ninajua, ninacheka.

"Mzee," nikasema, "ulisema Luhende."

"Nini?"

"Siku ile. Ulisema kwa L, wazi kabisa, nilikusikia. Mimi ndiye niliyeandika R. Nilijiambia huyu Mhehe hapo amekosea, ngoja nimsahihishe. Fomu sikuiangalia."

Kisu cha mama kikasimama. Mzee akanigeukia.

"Na Limi?"

"Na Limi. Na wale wengine wote wa Usangu. Ulisoma kama ilivyoandikwa."

Nilisubiri anifukuze. Nilistahili, na kwa kweli ingekuwa nafuu. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya sweta, akaishika mapajani bila kuivaa.

"Nilisoma sawasawa," akasema. Kisha kwa sauti, ingawa mke wake alikuwa hatua mbili tu: "Mama, umesikia? Nilisoma sawasawa!"

"Nimesikia, Baba."

"Ungeniambia, binti," akaniambia taratibu. "Hata kwa simu."

"Mwanzo niliogopa kazi, Mzee. Baadaye nikajidanganya kwamba unajua. Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema, na akabaki anatazama moto. Midomo yake ilikuwa inacheza, na nilielewa kwamba anayarudia yale majina, moja moja. Baadaye akamgeukia mke wake. "Kesho neno anasoma nani?"

"Si umeandikwa wewe, kama kila zamu. Mwalimu atakusomea."

"Mpigie simu," akasema Mzee. "Mwambie apumzike."

Nililala kwao. Asubuhi tulikwenda kanisani pamoja, yeye mbele na kabuti lake, sisi wawili nyuma. Wakati ulipofika alipanda mimbarini taratibu, akaweka kidole kwenye mstari, akatazama watu. "Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Loho Mtakatifu," akaanza. Hakuna aliyegeuza shingo. Mimi nilikuwa benchi la tatu, pembeni ya mke wake, ninalia bila kujificha, na mama yule akanipa kitenge chake nijifute. Mzee alisoma mpaka mwisho, bila haraka.